Retreti ya mufanyakazi wa Leta: namna ya kuipokea bila kuanguka

Kwa wafanyakazi wengi wa Leta huku mashariki, retreti haiingii nyumbani kama sikukuu. Inaingia kama karatasi. Siku moja jina linasomwa kwenye listi, na mutu aliyezoea kuamuka mapema kwenda biro au masomo anabaki kwenye kiti mbele ya nyumba. Mushahara umekatika, pensheni haijafika. Kile kipindi cha katikati ndicho kinaangusha familia nyingi. Kwa hiyo kinafaa kutayarishwa mbele, mutu angali kazini.

Sheria inasema nini?

Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ndiyo inapanga kazi ya watumishi wa Leta. Mutumishi anaenda retreti akifikisha miaka 65 ya kuzaliwa, ao miaka 35 ya kazi. Pensheni iko mikononi mwa CNSSAP, kasha iliyoundwa kwa dekre ya mwezi wa kumi na mbili 2015. Sheria ya mwaka 2022 ilikuja kuipa nguvu.

Musichanganye CNSSAP na CNSS. CNSS, ile wazee walijua kwa jina la INSS, ni ya wafanyakazi wa makampuni na wa watu binafsi. Kule umri wa retreti ni miaka 60.

Dosie: vita ya kwanza ni jina

Karatasi za lazima zinajulikana: barua ya kuingizwa kazini, barua za kupandishwa cheo, namba ya matrikule, kadi ya kitambulisho, na karatasi inayoonyesha siku ya kuzaliwa. Lakini shida kubwa mara nyingi ni jina lenyewe. Mutu aliyezaliwa mwaka 1960 alikuwa na miaka 12 wakati Mobutu alipokataza majina ya kizungu, mwaka 1972. Basi kwenye karatasi ya ubatizo anaitwa Jean, kwenye diplome hana Jean, kwenye kadi ya uchaguzi Jean amerudi. Herufi moja ikipotea kwenye listi ya malipo, dosie inaweza kulala miezi.

Weka karatasi zote mezani miaka mitatu ao ine mbele ya retreti, usome jina na tarehe moja kwa moja. Kama kuna tofauti, sahihisho linaombwa kwenye biro ya kazi, kwa komine, ao kwa tribinali, kufuatana na karatasi yenye kosa. Kisha fanya kopi, na kopi ingine uipeleke kwa ndugu anayekaa muji mwingine. Huku kwetu nyumba zimeunguzwa na watu wamekimbia mara nyingi. Mutu anaokoa watoto, dosie inabaki ndani.

Mama na watoto wajue

Mutumishi akifariki, mujane na mayatima wana haki ya pensheni. Lakini wanaulizwa karatasi. Ndoa ya kimila peke yake haitoshi kama haikuandikwa kwa komine, na sheria inaruhusu kuiandikisha hata kisha miaka mingi. Watoto pia waandikishwe. Baba anayeficha dosie kwenye koba yenye kufuli anawaachia wajane na mayatima kazi ngumu.

Feza ya kipindi cha kungojea

Mwanzo wa mwaka 2025 tuliona kitu kingine: banki zilifunga milango Goma, kisha Bukavu, na hata wenye feza kwenye konti walikosa namna ya kuitoa. Ndiyo maana haifai kutegemea mulango mumoja.

Njia moja ni likelemba. Watu kumi wakitoa franka 10.000 kila wiki, mumoja anapokea 100.000 kwa zamu. Ingine ni AVEC, ile mitaa mingi inafahamu, ambamo feza inawekwa, inakopeshwa, na inagawanywa mwisho wa mwaka.

Kuhusu ufugaji, wengi wanaanza na simbilisi. Dike anabeba mimba karibu miezi miwili, anazaa wawili mupaka wane, na chakula chao ni majani na maganda ya jikoni. Hawawezi kulipa masomo ya iniversite, lakini sabuni na chumvi zinapatikana. Musitie malipo yote ya mwisho wa kazi katika biashara ambayo hamujawahi kuifanya. Jaribu kidogo kwanza, ungali na mushahara.

Kukaa nyumbani nako kunajifunzwa

Miaka yote mutu aliitwa Shefu, Direkta, Mwalimu. Kisha retreti simu inanyamaza. Wengine wanaingia kwenye pombe, wengine wanaanza kutawala jikoni na kuhesabu unga. Tukumbuke kwamba mama wa nyumba ndiye mara nyingi alilisha familia kwa biashara ya soko wakati mushahara ulichelewa. Nyumba ina mupango wake tayari. Anayerudi aombe nafasi, asichukue ukubwa.

Kuna kazi ambazo muzee anaziweza kuliko kijana: kusaidia watoto wa mutaa kwa masomo, kuandikia majirani barua, kupatanisha wanaogombania mupaka wa parseli. Kutembea kila asubui kunasaidia tansio.

Tunawaomba walio bado kazini: leo jioni fungueni koba ya karatasi, muite mama na mutoto mukubwa, musome majina pamoja. Kosa linaloonekana leo lingali na wakati wa kusahihishwa.