MAMA WANGARI MAATHAI: KUTOKA KITALU CHA MICHE HADI BUNGENI



Katika kutimiza miaka kumi ya kuweka na kukopa, tumeona ni vema tukumbushane historia ya mwanamke wa kwa jirani zetu Kenya, Profesa Wangari Maathai. Yeye aliingia kwenye siasa akitokea kwenye vitalu vya miche.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 huko Ihithe, Nyeri. Alisomea elimu ya viumbe Marekani, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari Nairobi. Kisomo hicho hakikumtenga na wenzake. Katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya aliwasikia wanawake wa vijijini wakieleza shida zao: kuni ziko mbali, maji ya tabu, chakula hakitoshi. Jibu lake likawa, basi tupande miti. Tarehe 5 Juni 1977 walipanda miti saba Nairobi, na huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement.

Utaratibu wao tuutazame vizuri, sisi wenye vitabu vya hisa. Kina mama waliotesha miche wakalipwa fedha kidogo kwa kila mche. Lakini malipo hayakutoka siku ya kupanda! Yalitoka mche ukishashika. Ilibidi mtu arudi, autunze, ahesabu, aandike. Kwa mwendo huo, kufika mwaka 2004 ilikuwa imepandwa miti zaidi ya milioni 30.

Siasa nayo haikumpokea kwa maua. Mwaka 1982 aliacha kazi ya ualimu wa Chuo Kikuu ili agombee ubunge. Akaenguliwa kwa sababu ya uandikishaji wa wapiga kura, na kazi hakurudishiwa. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumega Uhuru Park, bustani ya wananchi wote. Wabunge wakamkejeli, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alikaa kwenye bustani hiyo hiyo pamoja na kina mama waliodai watoto wao waliofungwa kwa ajili ya siasa. Polisi waliwapiga, naye akazimia. Mwanzoni mwa 1993 wengi wa vijana hao waliachiwa. Mwaka 1999 akapigwa tena, safari hii akiutetea msitu wa Karura usigawiwe wakubwa.

Kura nazo zilimpa na zikamnyima. Mwaka 1997 aligombea urais, akashindwa. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimpeleka Bungeni kwa kura asilimia 98, na 2003 akawa Naibu Waziri wa mazingira. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka 2007 alikosa kiti chake. Cheo kikaondoka, miti ikabaki. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Sasa jamani, turudi hapa kwetu Kaole. Mikoko iliyo pwani yetu, karibu na magofu, ndiyo malezi ya kamba na samaki tunaowanunua, tunaowakaanga na kuwauza ili tupate hisa ya wiki. Boriti na mkaa vina fedha ya haraka, hilo hatubishani. Lakini mkopo wa kukata mikoko tukiutoa leo, kesho mwenzetu muuza samaki atarejesha kwa nini? Swali hili liletwe kwenye mkutano, lijadiliwe, tena liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Mama Wangari hakusubiri awe mbunge ndipo aanze. Alianza na miti saba na kina mama wenye vitalu. Sisi kina mama tunao, sanduku lenye kufuli tatu tunalo, na pwani ipo mbele yetu.