Edwina Booth: Nyota wa Hollywood aliyeharibikiwa na afya Afrika Mashariki

EDWINA Booth, mwigizaji wa Marekani aliyeanzia katika filamu bubu, alikuwa na umri wa miaka 24 alipowasili Mombasa mwaka wa 1929 pamoja na kikosi cha kampuni ya MGM. Walikuja kuandaa filamu ya Trader Horn. Filamu hiyo ilimpa umaarufu ambao wenzake waliutafuta kwa miaka mingi, na papo hapo ikamletea maradhi yaliyokatiza kazi yake.

Alizaliwa Septemba 13, 1904 mjini Provo, jimbo la Utah, katika jamii ya Wamormoni. Jina alilopewa na wazazi ni Josephine Constance Woodruff. La Booth alilitwaa alipojitosa katika sanaa.

Aliingia Hollywood wakati mgumu kwa mtu anayeanza. Filamu bubu, ambazo mazungumzo yake yaliandikwa kwenye pazia huku mpiga piano au bendi ikitumbuiza ukumbini, zilikuwa zikisukumwa kando na filamu za sauti tangu mwaka wa 1927. Waigizaji waliosifika kwa macho na mikono sasa waliulizwa kama wana sauti. Booth alipata nafasi ndogo ndogo tu, miongoni mwazo zikiwa katika Manhattan Cocktail (1928) na Our Modern Maidens (1929). Hakuwa nyota.

Ndipo mwelekezi W. S. Van Dyke akamchagua kuwa Nina, binti wa mmishonari aliyepotea utotoni na ambaye wanakijiji wanamwabudu kama mungu. Wenzake wakuu walikuwa Harry Carey, aliyeigiza mfanyabiashara Horn, na Duncan Renaldo. Mke wa Carey, Olive, aliigiza mama yake Nina.

Kwa miezi kadhaa kikosi hicho kilipiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, ikiwemo kwenye maporomoko ya Murchison. Inafaa kutaja kwamba kitabu cha Aloysius Horn kilichotolewa 1927, ambacho ndicho chimbuko la filamu, kilihusu zaidi biashara ya pembe za ndovu huko Gabon. Kwa Hollywood, Afrika Magharibi na Afrika Mashariki zilikuwa mahali pamoja.

Wanaume katika kikosi hicho walivaa mashati mazito, buti na kofia pana za jua. Nina hakupewa hata kimoja kati ya hivyo. Vazi lake lilikuwa dogo mno, naye alitakiwa kukimbia katika nyasi kali na vichaka, jua likimchoma na wadudu wakimshambulia. Aliugua malaria na maradhi mengine ya nchi za joto.

Wasomaji wa Kisii na Nyamira wataielewa hali hiyo upesi kuliko wengi. Katika nyanda hizo za juu malaria haijakuwa ugonjwa wa mwaka mzima kama ilivyo kando ya Ziwa Victoria. Imezoeleka kuzuka kwa kishindo baada ya mvua. Mtu asiyeambukizwa mara kwa mara mwili wake haujengi kinga, kwa hivyo hata mtu mzima mwenye nguvu zake huangushwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Gusii mwishoni mwa miaka ya 1990, hasa baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998. Booth, mzaliwa wa milima ya Utah, hakuwa na kinga hata chembe. Dawa iliyotegemewa mwaka wa 1929 ilikuwa kwinini. Klorokwini ilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kikosi kiliporudi Marekani, sehemu kubwa ya mazungumzo haikufaa, kwa kuwa mitambo ya sauti ilikuwa imepelekwa Afrika kazi ikiwa tayari imepangwa kuwa ya filamu bubu. Ikabidi sehemu nyingi zirudiwe California. Mutia Omoolu, Mkenya aliyeigiza mbeba bunduki wa Horn, alisafirishwa hadi huko kwa kazi hiyo. Yeye angalau jina lake lilitajwa kwenye filamu. Mamia ya Waafrika waliocheza ngoma na kushika mikuki mbele ya kamera hawakutajwa, na walivyoonyeshwa ni kama washenzi wasio na historia.

Trader Horn ilitolewa 1931, ikajaza kumbi na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora. Mwaka huo huo Booth alionekana na Carey katika The Vanishing Legion, na 1932 katika The Last of the Mohicans, zote zikiwa filamu za mfululizo wa vipande. Baada ya hapo mwili ulikataa. Alilala kitandani kwa miaka, akisafiri hadi Ulaya kutafuta tiba.

Aliishtaki MGM akidai fidia ya zaidi ya dola milioni 1, kwa hoja kwamba haikumkinga ipasavyo alipokuwa kazini. Kesi hiyo ilimalizwa nje ya mahakama. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja yake ilikuwa nzito: vazi lile alipangiwa na mwajiri, na si mapenzi yake. Lakini wakati huo waigizaji wa Hollywood walikuwa wangali bila chama imara cha kuwatetea; chao kiliundwa 1933.

Hakurudi tena kwenye filamu. Uvumi ulienea kwamba amefariki, na baadhi ya watu wakaamini kuwa alifia Afrika. Ukweli ni kwamba alipona, akaolewa, na kwa miaka mingi akahudumu katika hekalu la Wamormoni mjini Los Angeles. Aliaga dunia Mei 18, 1991, akiwa na umri wa miaka 86.