Mtambo wa Akiba, Sio Rudufu

Rasimu moja ya istilahi za uongozaji wa ndege imeamua kwamba mtambo unaoshika kazi pale ule mkuu unapozimika uitwe "mtambo rudufu". Waliokaa kikao hicho ni wasomi, na chai bila shaka ilikuwa nzuri. Mimi nilipendekeza "mtambo wa akiba", nikajibiwa kwa barua ya mistari miwili kwamba akiba ni neno la benki.

Tulitazame hilo rudufu. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye ra, dali na fa, uliotupa pia maradufu. Kwa Waarabu, radifu ni mtu apandaye nyuma ya mwenzake juu ya mnyama mmoja. Mwendo wao ni mmoja, na ngamia akijikwaa wote wawili wanakula mchanga. Akiba nayo ni ya Kiarabu: aini, qafu, ba, mzizi ambao kisigino kimo ndani yake. Ni kile kijacho nyuma, lakini kwa miguu yake chenyewe. Neno hili lilikuwa ghalani kabla benki yoyote haijafungua mlango pwani yetu. Mpinzani wangu mmoja, asiyekosa la kusema, alinikumbusha kwamba Waosmani waliwaita askari wao wa akiba redifu. Ni kweli. Ila rudufu yetu haina jeshi ndani yake. Mswahili akirudufu kitu, anatoa kingine kama kilekile.

Na kama kilekile ndiyo balaa yenyewe. Tarehe 28 Agosti 2023, mtambo wa Uingereza unaochambua mipango ya safari za ndege ulipokea mpango wa ndege ya kutoka Los Angeles kwenda Paris. Ndani yake mlikuwa na alama mbili za njiani zenye herufi zilezile, DVL: moja Deauville, Ufaransa, nyingine Devils Lake, Dakota Kaskazini. Mtambo ulipotafuta ndege itatokea wapi katika anga ya Uingereza ukakwama, na badala ya kuwapa waongoza ndege taarifa ya uongo, ukajitoa kazini. Wa pili ukashika zamu, ukapewa mpango uleule, ukausoma kwa programu ileile, nao ukajitoa. Sekunde 20 hazikutimia. Mipango ikabidi iingizwe kwa mkono, na abiria zaidi ya 700,000 wakavurugikiwa safari. Fundi aliyekuwa zamu ya nyumbani alijaribu kuurudisha mtambo akiwa mbali, akashindwa, ikambidi aende kituoni mwenyewe. Yeye ndiye akiba pekee ninayoiona katika kisa hiki.

Kwa hiyo sikatai: kwa mtambo ule, neno la kamati lilifaa kabisa. Linaeleza kasoro yake vizuri kuliko ripoti nyingi. Lakini kuifanya kasoro kuwa jina la kinga ni jambo ambalo wenzangu wangepaswa kulijibu kwa zaidi ya mistari miwili.

Wanaotaka kuona akiba watazame Aurora, karibu na Chicago, Septemba 2014. Mfanyakazi wa kandarasi alizitia moto nyaya za mawasiliano za kituo cha kuongozea ndege, na anga yake ikabaki bila mwenyewe. Vituo jirani viliigawana vipande vipande na kuibeba kwa zaidi ya wiki mbili, kwa mitambo yao. Hakuna aliyepanda nyuma ya mwenzake.

Kuhusu matumizi: mtambo wa akiba, redio ya akiba, umeme wa akiba; anayehitaji nomino dhahania na aseme uakiba. Mafundi wanasema bekapu, na wataendelea kusema.

Nimearifiwa kwamba rasimu imeshakwenda kupigwa chapa. Nimeomba nakala, na kamati imeahidi kunirudufia.