Mifuko Kichwani, Bendera Vumbini

Pamba ikishauzwa, Bariadi huingia kwenye ngoma. Bagika hujipanga upande wao wa uwanja, Bagalu upande wao, na makundi haya mawili ya ngoma ya Wasukuma hucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji ndio mahakimu: wanazunguka, wanasukumana, na pale walipojaa zaidi ndipo penye ushindi. Asiyetazamwa ameshindwa, hata angecheza vizuri namna gani. Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kwenda Usangu, Rukwa na bonde la Kilombero walikwenda na ngoma zao, maana ugenini ndiko mtu anakohitaji zaidi siku ya kusimama hadharani na watu wake.

Siku ya namna hiyo ndiyo wanayoitafuta wakimbizi ambao habari zao hazifiki sana upande wetu huu wa Ziwa Victoria: mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia waliokimbia Uganda. Wao wanaiita Pride, yaani fahari.

Chimbuko lake ni mbali. Alfajiri ya Juni 28, 1969, polisi wa New York walivamia Stonewall Inn, baa ya mashoga, kama walivyozoea kuvamia baa za aina hiyo. Safari hiyo wateja walikataa kutawanyika, na mapambano yakaendelea kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata, tarehe ileile, watu wakaandamana kuukumbuka usiku huo.

Afrika ilifuata Oktoba 13, 1990, mjini Johannesburg. Mmoja wa walioongoza alikuwa Simon Nkoli, kijana aliyewahi kuwekwa mahabusu na serikali ya makaburu katika kesi ya uhaini ya Delmas. Baadhi ya waandamanaji walivaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa sehemu ya macho, wasije wakatambuliwa na ndugu au waajiri wao. Mfuko ule hauniishi mawazoni. Mtu ametoka nyumbani kudai aonekane, na uso wake bado ameuficha.

Uganda zamu yake ilikuwa Agosti 2012, mwaka uleule mkoa wetu wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Walikusanyika Entebbe, kwenye bustani ya mimea iliyo ufukweni mwa Ziwa Victoria, maji haya haya yanayogusa Lamadi. Miongoni mwa waandaaji alikuwa Kasha Jacqueline Nabagesera. Wenyewe hujiita kuchu. Polisi walifika na kuwashikilia baadhi yao, lakini watu walikwishacheza na kutembea pamoja mchana, jambo ambalo wengi wao hawakuwahi kulifanya maishani. Lilihitaji ujasiri mkubwa, kwa kuwa Januari 2011 mwenzao David Kato alikuwa ameuawa nyumbani kwake, miezi michache baada ya gazeti moja kuchapisha picha yake na za wengine, na kutaka wanyongwe.

Februari 24, 2014, Rais Museveni alisaini sheria dhidi ya ushoga, iliyoweka kifungo cha maisha. Mahakama ya Katiba iliifuta Agosti 1 mwaka huohuo kwa kuwa akidi ya wabunge haikutimia, ila mamia walikwishavuka mpaka kuingia Kenya. Mwaka 2016 polisi wakavamia sherehe ya Pride jijini Kampala, na mwaka 2023 sheria ikarudi, safari hii ikiwa na adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa.

Walikokimbilia nako kuna sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 162, inatoa hadi miaka 14 jela. Ya kwetu Tanzania, kifungu cha 154, haishuki chini ya miaka 30. Mbegu yake ililetwa na Mwingereza, ambaye kwao alianza kuifuta sheria kama hiyo mwaka 1967. Wanaosema ushoga ni jambo la kigeni wangeanza kuuliza sheria yenyewe ilitoka wapi.

Hata penye uhuru mgeni hubaki mgeni. Mwaka 2005 wanawake weusi wa Uingereza walipanda basi kwenda ufukwe wa Southend-on-Sea, wakiongozwa na Phyllis Opoku-Gyimah, mwenye asili ya Ghana. Safari hiyo ndiyo iliyozaa UK Black Pride.

Kakuma hakuna ufukwe. Ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 huko Turkana nchini Kenya, penye jua kali na vumbi. Juni 2018 wakimbizi wetu hawa waliotoka Uganda waliinua bendera za upinde wa mvua humo humo kambini, wakaandamana. Hawakuwa na mahali pengine pa kukimbilia, na walijua majirani wanawatazama. Baadaye vikaja vitisho vya kuuawa. Machi 2021 watu waliwarushia bomu la petroli mahali walipokuwa wamelala. Mmoja wa walioungua alifariki dunia Aprili, hospitalini Nairobi.

Wengi wa watu hawa ni watoto wa ziwa hili hili, na Kiswahili chetu wanakisikia. Ukikutana na mmoja wao safarini, Nairobi au kwingineko, usimzomee wala usimchongee kwa polisi. Msalimie, umuulize habari za nyumbani.