Mauzo Yenye Siku ya Mwisho

Katika Zanzibar ya karne ya 19, mwenye nyumba au shamba la karafuu aliyebanwa na shida ya fedha aliweza kuuza bila kuhama. Mkataba huo uliitwa bei khiyari. Mnunuzi, mara nyingi tajiri wa Kihindi, alitoa fedha. Muuzaji alibaki mlemle akilipa kodi, na alikuwa na haki ya kuikomboa mali yake kabla ya siku waliyoandikiana. Hivyo riba, iliyokatazwa na dini, ilikwepwa.

Tatizo lilikuwa ile siku. Ikipita, mauzo yalithibiti.

Karafuu nayo haina ahadi. Mche huchukua miaka kadhaa kuzaa, na mavuno mazuri ya mwaka huu huweza kufuatwa na mwaka wa uhaba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Kumshikilia mkulima wa namna hiyo kwa tarehe isiyosogea kulikuwa ukatili, hata kama karatasi zilikuwa sahihi.

Mwaka 1934, madeni yalipozidi, serikali ya Waingereza ilisimamisha kwa muda udai wa madeni ya wakulima, ikawawekea vikwazo Waarabu na Waafrika waliotaka kuwauzia watu wa jamii nyingine ardhi yao.