Jiwe la Gakara na namba yake ya forodha

Ukitoka Bujumbura kuelekea Rumonge, ziwa likiwa mkono wa kulia, unafika Kabezi baada ya kilomita kama 20. Hapo ndipo mawe ya mgodi wa Gakara, Burundi, yalipokuwa yakiletwa kutoka milimani, yakasagwa, yakaoshwa na kufungwa kuwa makinikia, neno lililozoeleka Afrika Mashariki tangu mwaka 2017, Tanzania ilipozuia makontena 277 ya mchanga huo wa madini bandarini Dar es Salaam.

Mzigo wowote unaovuka mpaka sharti uwe na namba ya forodha. Namba ya kahawa haina mgogoro. Ya jiwe la Gakara ina historia ndefu.

Jiwe hilo liligunduliwa mwaka 1936, Usumbura ikiwa makao makuu ya utawala wa Wabelgiji wa Ruanda-Urundi. Kampuni yao ya Somuki ilianza kulichimba mwaka 1948. Hadi kazi iliposimama mwaka 1978, zilikuwa zimetoka tani zipatazo 5,000 tu. Mishipa yake ni myembamba, lakini imejaa: sehemu nyingine zaidi ya nusu ya uzito wake ni oksidi za metali adimu. Ndani yake mna madini mawili yaliyoshikana, bastnesaiti na monazaiti, na hapo ndipo karani wa forodha anapokwama.

Kitabu anachokitumia ni Mfumo wa HS wa kuainisha bidhaa, ambao mkataba wake ulitiwa saini Brussels tarehe 14 Juni 1983 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1988. Mbale za metali zina sura yake, ya 26. Kasiteriti ya Burundi inaingia 2609, wolframu 2611, koltani 2615. Lakini sura hiyo inapokea mbale za metali ambazo kitabu chenyewe kimezihesabu kuwa metali za kawaida, za thamani au za mionzi. Metali adimu, yaani neodimiamu na ndugu zake, ziliwekwa kwingine, katika sura ya 28 ya kemikali. Kwa hiyo bastnesaiti, ingawa imejaa metali, kiforodha haihesabiwi kuwa mbale. Inarudishwa sura ya 25, ya chumvi, mawe, chokaa na saruji, kwenye namba ya mwisho kabisa: 2530, vitu vya madini visivyotajwa kwingine.

Monazaiti, pacha wake, inaingia katika namba 2612 pamoja na urani na thoriamu. Historia yake na thoriamu inaanzia kwenye taa. Katika miaka ya 1880 na 1890, Carl Auer von Welsbach wa Austria alitengeneza kifuko cha kitambaa kilicholoweshwa thoriamu na siriamu kidogo, kinachotoa mwanga mweupe mkali kikipashwa moto. Mzee yeyote wa Bujumbura aliyewahi kuona karabai za wavuvi wa ndagala zikimetameta ziwani usiku anaujua mwanga wa aina hiyo. Dunia iliitafuta monazaiti kwa ajili ya thoriamu hiyo. Na ni Auer huyohuyo aliyetenganisha neodimiamu na praseodimiamu mwaka 1885, metali ambazo leo zinaingia kwenye sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Siku hizi monazaiti inatafutwa zaidi kwa ajili ya hizo. Namba imebaki kwenye thoriamu, ilhali jiwe la Gakara lina thoriamu kidogo.

Uchimbaji ulirudi mwaka 2017 chini ya Rainbow Rare Earths, kampuni iliyoorodheshwa London, serikali ya Burundi ikiwa na hisa asilimia 10. Aprili 2021 serikali ilisimamisha usafirishaji, na miezi michache baadaye ikasimamisha uchimbaji, ikidai kwamba nchi haipati bei ya haki.

Nani angeweza kuuhakiki ubishi huo kwa takwimu za forodha? Ndani ya 2530.90 jiwe lenye neodimiamu linajumlishwa na udongo wa rangi na mawe mengine ya kila namna. Ukigawa thamani kwa tani, unachopata hakimsaidii waziri wala mwekezaji, achilia mbali mwananchi wa Gakara aliyeuona mlima wake ukichimbwa. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa.

Nalo linarekebishika. Tarakimu sita za kwanza ni za dunia nzima, zinazofuata kila nchi au jumuiya inajipangia. China, msafishaji mkubwa kuliko wote wa metali hizi, imeyapa mawe haya mstari wake: 2530.90.20. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na inatumia kitabu cha ushuru cha pamoja tangu 2009. Katika kitabu hicho mstari unasomeka 2530.90.00, “nyinginezo”. Mawaziri wa Jumuiya wakikaa tena kukipitia, wayape mawe ya Gakara mstari wao kabla lori jingine halijapakiwa Kabezi.