Neno ‘town’ lilianzia uani, nami nilimwonea mwanafunzi

Miaka kadhaa iliyopita, nikisahihisha insha za kidato cha pili, nilikutana na sentensi hii: “Mji wetu una watu tisa.” Nilicheka. Nikapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: “Mji wa watu tisa? Sema boma.” Alama moja ikaenda. Mwandishi alikuwa mtoto wa Kilifi, naye hakuuliza lolote.

Kumbe aliyestahili kusahihishwa ni mimi!

Nilianza kujishuku nilipokuwa nikichunguza asili ya neno ‘town’, hilo ambalo vijana wa Nairobi wamelifupisha likawa ‘tao’. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa ‘tun’, yaani ua, au mahali palipozungushiwa ua. Ndugu zake wangali hai: Wajerumani huita ua ‘Zaun’, na kwa Waholanzi ‘tuin’ ni bustani. Kutoka uani, maana ilihamia kwenye boma la mkulima, kisha kijijini, hatimaye ikafika mjini. Mashabiki wa kandanda hulitamka neno hilo kila wikendi bila kujua. Everton, kiasili, ni boma la nguruwe mwitu. Preston ni boma la makasisi. Wolverhampton nayo imehifadhi jina la Wulfrun, bibi aliyepewa ardhi pale mwaka wa 985.

Je, sisi hatukusafiri njia iyo hiyo? Mgiriama akisema ‘mudzi’, aghalabu huwa na maana ya boma la jamaa. Mchewa wa Malawi akilitamka neno lilo hilo, huwa anataja kijiji. Hata katika Kiswahili, tandaza kanga uitazame: sehemu ya katikati, iliyozungukwa na pindo, huitwa mji. Na sote tulianza maisha katika mji wa mimba. Humo hamna soko wala stendi ya matatu. Mna kilichozungukwa na kutunzwa.

La kuchekesha zaidi ni kwamba neno nililompa mwanafunzi yule lina historia iyo hiyo. Boma ni ua, tena ni ngome. Enzi za ukoloni likawa afisi ya mkuu wa wilaya, watu wakawa wanaitwa bomani kujibu mashtaka.

Sisemi kwamba tuache kutofautisha kijiji, mji na jiji. Msomaji wa gazeti anahitaji tofauti hizo. Ninachosema ni kwamba tuna mazoea ya kulipima neno letu kwa maana ya leo ya neno la Kiingereza, na lisipotoshea, tunamlaumu mzungumzaji. Mtoto yule alikuwa ameandika Kiswahili chenye harufu ya kwao. Mimi nilikuwa na ‘town’ kichwani.

Sasa ni mtu mzima. Nikikutana naye, nina deni lake la alama moja.